Morris ya Makangale

Ami yangu alinunua gari kabla Makangale, kwetu Pemba, haijapata barabara ya kulipitisha. Njia tuliyokuwa nayo miaka ya 1980 ilitoka Konde, ikapita mashamba ya mipira, ikaingia msitu wa Ngezi kwenye giza la mivule na mipapindi, kisha ikatutoa upande wa pili kwenye mchanga na minazi, kuelekea Verani na mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliosimama pale tangu 1904. Kiangazi ilikuwa mchanga wa kuzamisha gurudumu, masika ilikuwa tope la kuvulia viatu. Watu walipita kwa miguu, kwa baiskeli, kwa gari la ng'ombe, au juu ya magunia kwenye lori likitokea. Ami akaleta Morris Minor ya mwaka 1958.

Si kwamba alikuwa na haja nayo. Kazini Konde alikwenda kwa baiskeli, na baiskeli ile haikumlaza njiani hata mara moja. Morris ilikuwa mapenzi tu. Aliikuta Unguja, uani mwa nyumba moja ya Ng'ambo, imeegeshwa tangu mwenyewe alipokwenda Oman, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Bei hakumwambia mtu, hata mkewe. Tulichojua ni kwamba fedha ilitokana na msimu mmoja mzuri wa karafuu. Ikaja Pemba kwa MV Mapinduzi, ikashushwa Mkoani ikining'inia kwenye kamba huku wapagazi wanakimbia chini yake, ikafungwa nyuma ya lori mpaka Konde. Kutoka Konde tuliisukuma. Watoto wa Makangale tuliijua Morris kwa mikono kabla hatujaijua kwa masikio.

Kwa asiyeiona: Morris Minor ilitoka Uingereza mwaka 1948, imebuniwa na Alec Issigonis, huyo huyo aliyekuja kubuni Mini mwaka 1959, na ndiyo modeli ya kwanza ya Kiingereza kufikia magari milioni moja. Ya Ami ilikuwa ile iliyoitwa Minor 1000, injini ya silinda nne, cc 948, nguvu za farasi 37. Haikuwa na taa za kuonyesha unakata kona. Ilikuwa na mikono miwili midogo iliyofichwa ubavuni, kila upande mmoja, unaochomoza na kuwaka rangi ya machungwa. Sisi mikono ile ilitutosha. Gari lisipowaka, tulimwomba Ami atutolee mkono mmoja, tukaenda zetu kucheza tumeridhika.

Na kutowaka kulikuwa kwingi.

Ami alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia karafuu. Ukitaka kujua vipi alitengeneza gari, anza hapo. Karani wa mizani Pemba ameona kila hila: karafuu zilizolazwa kwenye umande ziongeze uzito, makonyo yaliyofichwa katikati ya gunia, mchanga chini. Ami hakumtukana mtu wala hakubishana. Alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, akatoa konzi ya chini kabisa, akaichukua karafuu moja na kuivunja kwa ukucha, akisikiliza kama inakatika au inapinda. Gari nalo alilifanyia hivyo hivyo: hakuamini ya juu ya gunia. Swali lake la kwanza kwa kila aliyemletea shida ya mashine, iwe pikipiki, iwe mashine ya kusaga, lilikuwa moja: "Umegusa nini?" Kila mtu hujibu hajagusa kitu. Ami alinyamaza, akaagiza chai ya mkandaa, akasema, "Haya, n'eleze tangu jana."

Alikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la kituo la msimu uliopita, lenye kurasa tupu nyuma. Safu iliyochapwa "Kilo" aliikata kwa kalamu akaandika "Dalili". "Daraja" ikawa "Nilichogusa". "Malipo" ikawa "Jawabu". Safu ya Jawabu ilikuwa na mapengo kurasa nzima, na hakuona haya. Jambo alilokataza ni kugusa vitu viwili siku moja. Ukisafisha plagi leo, platini subiri kesho, hata kama zote mbili unaziona chafu. Tuliona ni ukaidi wa uzee. Mafundi waliokuja kututembelea kutoka mjini walicheka waziwazi: wao gari likisumbua walibadilisha plagi, platini, kondensa na koili kwa mpigo, gari likawaka, wakalipwa, na hakuna aliyejua kilichokuwa kibovu. Makangale hapakuwa na cha kubadilisha. Nchi ilikuwa katika shida ya kila kitu, sabuni ikitafutwa sembuse koili, na hata baada ya 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia urais wa Zanzibar na milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, kilichofika kwanza madukani Wete kilikuwa khanga na redio, si vifaa vya gari la Mwingereza lililokwisha kuundwa zamani. Kwa hiyo ilibidi kujua. Mpaka leo naamini fundi aliyekulia penye uhaba anasikiliza vizuri zaidi kuliko aliyekulia karibu na duka.

Kusikiliza kulianza na ufunguo. Morris ina pampu ya petroli ya umeme, imefungwa ukutani mbele, nyuma ya injini, ukubwa wa kikombe. Ukiwasha ufunguo bila kupiga stata, pampu inagonga: tak-tak-tak-tak, haraka, kisha polepole, kisha inanyamaza. Kunyamaza ndiyo habari njema. Maana yake kabureta imeshajaa. Ikigonga bila kikomo, ama tangi halina kitu, ama inavuta hewa mahali, ama petroli inamwagika kwenye kabureta. Isipogonga kabisa, vigusanisho vyake vimeshikana ndani, unaipiga kwa mpini wa spana, si kwa hasira, inaamka. Kabla hujafungua hata skrubu moja umeshapewa nusu ya habari, na bure.

Baada ya petroli, moto. Unachomoa plagi, unairudishia waya wake, unailaza juu ya silinda hedi chuma kwa chuma, mtu anazungusha hendeli mbele. Cheche ya buluu inayolia "ta!" ni nzima. Ya njano isiyo na sauti haifai. Rangi ya plagi yenyewe ilisomwa kama barua: kahawia ni salama, masizi meusi makavu petroli imezidi, nyeupe kama chokaa hewa imezidi na injini inaungua kimyakimya. Na kabureta alikuwa na namna ya kuiuliza. Injini ikiwa inanguruma taratibu na imepata moto, alinyanyua kidogo, kwa kipini chake, ile pistoni iliyomo ndani ya kuba la kabureta, kiasi cha unene wa kucha. Mngurumo ukipanda na ukabaki juu, petroli nyingi. Ukishuka na kutaka kuzima, petroli chache. Ukipanda mara moja kisha ukarudi ulipokuwa, usiguse. "Usiguse" alilisema kwa nguvu kuliko yote, maana vijana mkono unawawasha.

Petroli yenyewe ilikuwa mashaka. Ilifika kwa mapipa, ikapimwa kwa madumu na chupa, na kila chombo kilikuwa kimewahi kubeba kitu kingine. Maji huzama chini ya petroli, na bomba la tangi hunyonya kutoka chini, kwa hiyo tone dogo la maji ndilo linalofika kwanza. Kwa jambo hili Ami alichukua tarbushi ya marehemu babu, ile nyekundu ya sufu iliyosokotana, akaigeuza juu chini kwenye faneli. Petroli ilipenya sufu taratibu, maji yalibaki. Ukiinama ungeyaona, matone yanaviringika chini ya tarbushi, yamebeba kutu na vumbi, hayapiti. Bibi alipoiona tarbushi ya mumewe inanuka petroli hakusema na mwanawe kutwa nzima. Usiku akauliza kama angalau imefaa kitu.

Masika yalikuwa na maradhi yake. Kifuniko cha distributa kilishika unyevu, moto ukatambaa juu yake badala ya kwenda kwenye plagi, injini ikakohoa na kukataa. Dawa ilikuwa kukifuta na kukianika, au kukiweka karibu na jiko la makaa, mwenye kukilinda ameambiwa akikiunguza asirudi nyumbani. Hilo lilikuwa jepesi. Jengine lililochukua muda ni siku gari lilipoanza kutetemeka na kukosa nguvu hata njia tambarare. Cheche nzima, petroli safi. Ami akachomoa plagi zote nne, akatuita, kila mtoto aweke kidole gumba kwenye tundu lake huku mkubwa mmoja anazungusha hendeli. Tundu la kwanza na la nne pumzi ilirusha kidole. La pili na la tatu ilipuliza tu kama mtu anayepoza chai. Akatia kijiko cha oili kila tundu, akatuambia turudie. Kama ringi zingekuwa zimekwisha, oili ingeziba na pumzi ingerudi, haikurudi. Na vali mbovu mbili kwa mpigo, za majirani wawili, ni bahati mbaya iliyozidi kiasi. Palipobaki ni gasketi, imepasuka katikati ya silinda ya pili na ya tatu, pembamba kuliko pengine pote. Alisema hivyo kabla ya kufungua. Alipofungua ilikuwa hivyo. Gasketi mpya ilitoka Mombasa kwa jahazi, imefungwa kwenye gazeti, na msimu mzima wa vuli ulikuwa umepita.

Ile ya betri ndiyo iliyompa Ami jina mpaka Wete. Betri ilipelekwa mjini ikachajiwe, pamoja na gari, kwa fundi mmoja mwenye sifa. Likarudi linawaka, taa zinang'ara, dainamo inachaji. Lakini likipata moto na kupewa kazi, kwenye mpando au kwenye mchanga, likaanza kumisi, linaruka kama limekanyaga mwiba. Ami akapanda baiskeli mpaka Wete. "Umegusa nini?" "Sikugusa kitu, bwana, nimechaji betri tu." Akarudi, akakaa barazani na daftari. Akabadilisha plagi moja, akasubiri. Hakuna. Platini akazipima kwa bati lake jembamba: inchi kumi na tano kwa elfu, sawasawa. Hakuna. Ndipo alipoitazama betri yenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelitazama kwa sababu taa zilikuwa zinawaka.

Morris za miaka ile, tofauti na karibu magari yote ya leo, waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Fundi wa Wete alipoiona akadhani kuna mtu alikosea. Akaigeuza, hasi kwenye bodi kama gari la Mjapani, akaigusisha dainamo kidogo umeme ili nayo ifuate, na kwa haki ya Mungu kazi hiyo aliifanya vizuri. Koili akaiacha ilivyo. Koili ina kichwa chake na mkia wake. Ukigeuza umeme bila kugeuza na nyaya zake mbili, inafanya kazi, lakini cheche inalazimika kuruka kinyumenyume, kutoka kwenye chuma cha pembeni kisicho na joto kwenda kwenye ncha ya katikati, na kwa safari hiyo inataka nguvu nyingi zaidi. Asubuhi injini ikiwa nyepesi inatosha. Kwenye mpando haitoshi.

Kuthibitisha alitumia penseli yangu ya shule. Tukangoja magharibi ipite, giza liingie. Akachomoa waya wa plagi, akaushika kwa kitambaa kikavu ukikaribia plagi, cheche inaruka penginepo, kisha akaiingiza ncha ya risasi ya penseli katikati ya ule mruko. Cheche ilipopita kwenye ncha ilitoa mwako mdogo wa rangi ya machungwa upande mmoja tu. Mwako ukiwa upande wa plagi, umeme uko sawa. Wetu ulikuwa upande wa waya. Akabadilishana nyaya mbili za koili, hii hapa, ile pale, dakika chache na spana moja ndogo. Tukajaribu tena: mwako ukahamia upande wa plagi. Niliiweka penseli ile miaka. Fundi wa Wete alipohadithiwa alisema yeye alikuwa amelisahihisha gari. Na kweli alilisahihisha. Alilisahihisha robo tatu.

Lakini watu wa Makangale ukiwauliza leo juu ya Morris, hawakusimulii koili. Wanakusimulia Ngezi.

Ilikuwa baada ya Idi. Gari lilikuwa limepona, linakwenda Konde na kurudi, Ami ameanza hata kuwapakia wagonjwa. Likaanza kuzima msituni. Halikohoi, halimisi, linalegea tu kama linalopitiwa na usingizi, linasimama chini ya miti. Unapiga stata, wapi. Watu wanashuka, wanakaa pembeni, popo wanalalama juu, mtu anasoma Ayatul Kursiy, na baada ya muda wa kumaliza sigara mbili gari linawaka kama halikuwa na kitu. Sasa Pemba ni Pemba, na Ngezi ni Ngezi. Katika msitu ule kuna mahali mtu mzima hapiti bila kutaka ruhusa. Ikajulikana mara moja kwamba Morris imekalia njia ya wenyewe. Bibi akasema lisomewe na lichinjiwe kuku. Ami akajibu kwa adabu: "Kusoma nasoma kila safari, mama. Lakini shetani gani huyu anayetaka robo saa tu?"

Akaanza kuandika. Petroli, akidhani ina maji: ikapita kwenye tarbushi, safi. Pampu: lilipozima, ufunguo ukiwashwa haikugonga, na akiipiga kwa spana iligonga mara moja kwa uzito, ikanyamaza. Bila shaka ni pampu. Akaifungua usiku mzima juu ya mkeka, akapangusa vigusanisho vyake kwa msasa laini, akairudisha. Gari likazima Ngezi. Yeye mwenyewe akanyamaza, na wiki ile hakupokea swali la mtu.

Daftari ndilo lililoanza kusema. Watu walikumbuka "Ngezi", basi. Ami alikuwa ameandika pahala na saa. Kwenda, lilizima kwenye mvule mkubwa baada ya kona. Kurudi, lilizima kwingine kabisa, karibu na mwanzo wa msitu upande wa Konde. Mahali mbalimbali, muda unaolingana. Na jambo jengine lililokuwa limekaa kwenye safu ya Dalili bila kuonekana: lilizima siku za petroli mpya tu. Tangi likishuka nusu, Morris ilipita Ngezi kwenda na kurudi, majini wote wamelala. Siku moja alijaza tangi, akalielekeza upande wa pili, njia ya Verani, ambako hakuna msitu. Likazima kwenye minazi, bahari inaonekana. Barazani wakasema basi, limeshamfuata.

Tulikuwa naye siku ile ya Verani, mimi na binamu yangu. Ufunguo umewashwa, pampu kimya, Ami ameinamia boneti. Binamu alitumwa nyuma apime petroli kwa kijiti, maana Ami alitaka kuandika na hilo. Akakizungusha kifuniko cha tangi. Gari likavuta pumzi. Sauti ndefu, "fffuuu", ya kuvuta ndani, si ya kutoa nje, na hapo hapo mbele, bila kuguswa na mtu, pampu ikaanza: tak-tak-tak-tak-tak. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa makuti aliutua chini, akasema, "Limetoka."

Ami hakucheka. Alikwenda nyuma, akakipokea kifuniko, akakigeuza. Ndani yake palikuwa na duara la mpira wa kandambili, buluu, limekatwa vizuri kwa mkasi, limekaza pande zote. Petroli inaponyonywa kutoka tangini lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na kifuniko cha Morris kina kitundu chembamba cha kazi hiyo. Mpira ulikuwa umekiziba. Tangi likiwa nusu, hewa iliyomo ndani ni nyingi, inavutika bila kujali. Tangi likijaa, hewa ni kiduchu juu ya petroli. Ikishatanuka kidogo tu tangi linaanza kuvuta upande wake na pampu upande wake, na tangi linashinda. Robo saa ya kupumzika ilikuwa ni hewa kujipenyeza polepole mpaka ikatosha.

Akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi, kwenye mambo ya bodi na milango ambayo hayakuhesabiwa kuwa ya injini. Kwa mwandiko wake mwenyewe: kifuniko cha tangi kinamwaga, nguo za harusi zanuka, kimetiwa mpira. Ilikuwa kazi aliyomfanyia mkewe. Akatoboa duara lile kwa msumari aliouweka motoni, akakifunga kifuniko, akajaza safu ya Jawabu. Njia nzima ya kurudi hakusema, ila tulipofika karibu na nyumba alisema polepole, "Na kuku tumeokoa." Hatukuokoa. Bibi alikuwa amekwishamchinja tangu asubuhi, na mpaka anakufa alihesabu kwamba kuku na msumari vilifanya kazi pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 macho ya Ami yalianza kuingia ukungu, na karafuu nayo ilikuwa imeshuka bei, Indonesia, aliyekuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote, akiwa sasa anapanda ya kumtosha. Akaiuza Morris kwa bwana mmoja wa Wete aliyeipenda kwa ile mikono. Siku ya kuikabidhi gari liliwaka kwa hendeli nusu mzunguko. Bwana akapewa tarbushi, hendeli ya akiba, na maelezo yaliyochukua mchana wote, ambayo nahisi hakuyasikia.

Haukupita muda akarudi, ameliacha gari Konde, amekuja kwa miguu msitu mzima. Linamisi, mzee, halina nguvu, linarusha moshi.

"Umegusa nini?"

"Sikugusa kitu, wallahi."

Ami akaagiza chai. Kwenye kikombe cha kwanza bwana alikumbuka kwamba ametia plagi mpya, nzuri, za Dubai. Kwenye cha pili ikawa fundi aliyezitia alizikaza na platini, maana alikuwa amekwishafungua. Mkate wa kumimina ulipoletwa tukasikia kwamba kabureta nayo ilioshwa, na distributa ikazungushwa kidogo tu, kwa jicho.

"Yote siku moja?"

"Asubuhi moja."

Ami akamwambia haina neno: arudishe vya zamani, kimoja kimoja, aanze na plagi, na kila kimoja aende nacho Wete na kurudi kabla ya kugusa chengine.

"Plagi za zamani nimezitupa," akasema yule bwana.

Ami akamgeukia mkewe, akamwambia atandike kitanda cha wageni.